Gari lako likivuka Mugina: namba, karatasi na deni la forodha

Mtu wa Minago anayetaka kwenda Kigoma kumsalimia shangazi hana haja ya kupanda kwanza Bujumbura. Anashika barabara ya taifa namba 3 kuelekea kusini, anapita Rumonge na Nyanza-Lac, anapanda Mabanda, kisha anafika Mugina. Ng'ambo ni Manyovu, wilaya ya Buhigwe, na kutoka hapo hadi Mwandiga, mlangoni mwa Kigoma, ni lami ya kilomita 60 hivi. Katika pwani hii ya ziwa si jambo geni kukuta familia yenye watu pande zote mbili. Wako waliokimbia mwaka 1972, wako waliorudi, na wako waliobaki huko wakapata uraia wa Tanzania. Harusi, misiba na biashara ya mawese na ndagala havingoji mpaka.

Barabara yenyewe imeshughulikiwa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, ambacho ndicho kinachopita Minago. Mradi huo huo ulihusu pia kilomita 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania, pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Kinachowakwamisha watu Mugina kwa kawaida si shimo barabarani, ni karatasi.

Jambo moja likieleweka, mengine yote yanakuwa mepesi. Wewe ukivuka mpaka ni msafiri, lakini gari lako ni bidhaa. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari lenye usajili wa Burundi likiingia Tanzania huhesabiwa kuwa limeingizwa kwa muda bila kulipiwa ushuru, na linaruhusiwa kukaa kwa sharti kwamba litatoka. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa magari ni asilimia 25, bado kodi ya ongezeko la thamani ambayo nchi zote mbili zinatoza asilimia 18. Kwa hiyo kibali unachopewa Manyovu ni sawa na hati ya deni lililosimamishwa, na namba ya gari ndiyo jina la mdaiwa. Ndiyo maana maafisa wa forodha wanaikagua kwa macho makali kuliko wanavyoukagua uso wako.

Tuanze na namba yenyewe. Simama kituo cha magari Rumonge siku ya soko utazame Probox zinazopakia. Madumu ya mawese yamejaa nyuma, mlango haufungi, konvwayeri, yaani utingo, ameuinua na kuufunga kwa kamba. Kibao cha namba kimefungwa kwenye mlango huo huo, kwa hiyo sasa kinatazama mawinguni. Ndani ya Burundi askari wa barabarani anaweza kukufahamu kwa sura akakupungia mkono. Kwenye kizuizi cha Kasulu hakufahamu mtu, na gari ambalo namba yake haisomeki kwa nyuma linasimamishwa hata kama halina kosa jingine. Hali ni hiyo hiyo kwa kibao kilichopakwa matope ya masika, kilichopinda, au ambacho tarakimu yake imechubuka ikabaki nusu. Usiichore upya kwa rangi na brashi. Tarakimu iliyochorwa kwa mkono humfanya askari aamini kwamba kuna jambo linafichwa, na hapo safari inageuka uchunguzi. Kibao kilichoharibika au kuanguka kinabadilishwa kwa Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, na hilo linafanywa kabla ya kuondoka.

Zaidi ya kibao, kuna alama ya nchi, zile herufi zinazobandikwa nyuma ya gari kwa utaratibu wa kimataifa. Burundi ni RU, urithi wa enzi za Ruanda-Urundi ambao haukufutwa na uhuru wa mwaka 1962. Tanzania Bara ni EAT, Zanzibar EAZ, Kenya EAK, Rwanda RWA, na Kongo CGO. Wengi hawaibandiki na wengi hupita, lakini ni kijikaratasi cha bei ndogo kinachompunguzia askari sababu ya kuanza maswali. Anayekuja Minago na gari la Tanzania ajue pia kwamba rangi ya kibao chake inasema kitu. Kibao cha njano chenye T, tarakimu tatu na herufi tatu ni cha gari la mtu binafsi. Cheupe ni cha biashara. Ukipakia abiria wa kulipa kwenye gari la kibao cha njano, umejitangaza mwenyewe.

Sasa karatasi. Ya kwanza ni kadi ya gari, ambayo huku kwetu kila mtu anaiita karte roze. Afisa ataichukua, atakuambia ufungue boneti, na atalinganisha namba ya chesisi iliyoandikwa na ile iliyogongwa kwenye chuma. Hapa magari yetu yana upekee wake. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya lina namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Probox iliyotoka Japani haina 17. Ina kifupi cha aina ya gari, kwa mfano NCP51, kistari, kisha tarakimu saba. Afisa mzoefu anajua, mgeni kazini anaweza kudhani imekatwa. Kabla ya safari fungua boneti mwenyewe, futa grisi na vumbi kwenye namba hiyo, uisome tarakimu kwa tarakimu ukilinganisha na kadi. Karani akiwa alikosea tarakimu moja siku ya usajili, ni afadhali uligundue kosa hilo nyumbani, maana mpakani tofauti hiyo inasomeka kama gari la wizi. Na wizi haukosekani: polisi wa nchi zetu wanashirikiana kupitia EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 1998, na Interpol ina orodha ya magari yaliyoibwa duniani inayotafutwa kwa namba hiyo hiyo ya chesisi.

Swali linalofuata ndilo linalowarudisha wengi: “Mwenye gari yuko wapi?” Magari mengi ya kwetu yana jina la mtu mwingine kwenye kadi. Pengine gari limenunuliwa halijahamishwa, ni la kaka aliyeko Bujumbura, ni la ukoo, au ni la bosi. Kumpigia kaka simu mbele ya afisa hakusaidii, hata akijieleza kwa Kiha na Kirundi kwa pamoja. Kinachotakiwa ni barua ya idhini inayotaja jina la mwenye gari na la dereva, namba ya gari, namba ya chesisi, nchi inayokwendwa na muda wa safari, ikiwa imethibitishwa kwa mthibitishaji au ofisi yenye mamlaka. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha mwenye gari. Maoni yangu ni kwamba kama gari ulishalinunua, acha kuhangaika na barua kila safari, ukalihamishie jina lako. Gharama ya kuhamisha inauma mara moja tu.

Bima ya Burundi peke yake inaishia Mugina. Ukivuka unahitaji kadi ya njano ya COMESA, inayotolewa na kampuni yako ya bima huku nyumbani juu ya bima uliyo nayo. Inamlipa mtu wa tatu utakayemuumiza au kumharibia mali, na inagharamia matibabu ya dharura ya waliomo garini. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo kwenye mpango huu. Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zimo pia. Soma kadi yenyewe uone kama nchi unayokwenda imeruhusiwa. Halafu usichanganye: kuna kijitabu kingine cha njano, cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho afisa wa afya wa Manyovu atakihitaji kutoka kwako na si kutoka kwa gari. Chanjo hiyo inahesabika baada ya siku 10, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Nimesikia dereva akitoa cha chanjo alipoulizwa bima, na foleni nzima ikacheka, lakini yeye hakucheka.

Chukua pia leseni, cheti cha ukaguzi wa gari cha OTRACO ambacho hakijaisha, pembetatu na mtungi wa zimamoto. Hayo hayahitaji maelezo.

Upande wa barabara, hapana budi nikae kidogo. Burundi tunaendesha kulia, Tanzania kushoto, na mabadiliko yanafanyika mahali hapo hapo, ukishapita geti. Cha ajabu ni kwamba gari la usukani wa kulia, ambalo huku linakulazimisha kuchungulia kila unapotaka kulipita lori, ng'ambo linakuwa mahali pake. Taa zake zilizotengenezwa Japani humulika zaidi kushoto, yaani huku kwetu humpofusha anayekuja mbele, na Tanzania humulika ukingo wa barabara kama ilivyokusudiwa. Mlango wa abiria wa Hiace huku hufungukia katikati ya barabara, kule hufungukia pembeni. Hatari haiko kwenye lami iliyonyooka yenye magari, kwa sababu unawafuata wenzako. Iko alfajiri, barabara tupu, unapotoka kituo cha mafuta au nyumbani kwa mwenyeji, mkono unapokupeleka upande uliouzoea. Kwenye kipilefti unazunguka kwa kuingilia kushoto na unampisha aliye kulia kwako. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na vibao vinavyouanza na kuumaliza vinaheshimiwa, kwa kuwa tochi ya polisi ya kupima mwendo inakaa baada tu ya kibao. Faini inaandikwa kwa namba ya gari na kulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Usitoe fedha mkononi, na usiondoke na deni ukidhani namba ya kigeni haitafutwi.

Njia nyingine kwa ufupi. Kwenda Uvira, Kongo, unapita Gatumba na Kavimvira, ambako utakutana na DGDA ya forodha na DGM ya uhamiaji. Upande wa kuendesha haubadiliki, lakini hali ya usalama hubadilika haraka, kwa hiyo uliza asubuhi ile ile ya safari. Mpaka wa nchi kavu na Rwanda Burundi iliufunga Januari 2024. Uliza kama umefunguliwa kabla hujapanga safari ya Kigali, la sivyo njia ni ya mzunguko kupitia Kobero, Kabanga na Rusumo. Kobero na Kabanga ni kituo cha pamoja, maana yake taratibu za kutoka na za kuingia unazimaliza mahali pamoja, upande wa nchi unayoingia. Malori yanabanwa na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 ya uzito: jumla isizidi tani 56.

Kuna wanaoshuka Dar es Salaam kuchukua gari bandarini na kulileta nyumbani. Watanzania huyaita magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, na wanayafahamu kwa mbali. Gari hilo linasafiri chini ya dhamana, kwa njia iliyopangwa, kwa siku zilizopangwa, na halipakii abiria. Yule mama mwenye mabegi anayekusimamisha Singida akikuomba lifti hadi Kahama atakugharimu zaidi ya nauli atakayokupa.

Na sasa kile ambacho wengi hawakifanyi. Unaporudi, usipite geti la Manyovu kwa furaha ya kuona kwenu. Ingia ofisi ya forodha ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, toa kibali, hakikisha kimefungwa kwenye mfumo na kwamba una karatasi au muhuri unaoonyesha tarehe ya kutoka. Kisipofungwa, kwenye kompyuta gari lako bado liko Tanzania, muda umekwisha na ushuru unadaiwa. Wewe uko Minago unakula ugali, huna habari, hadi safari inayofuata afisa aingize namba yako na gari lizuiwe. Likiharibika Kasulu na siku zinakwisha, usingoje fundi amalize. Nenda ofisi ya TRA iliyo karibu na barua pamoja na risiti ya gereji, uombe kuongezewa muda kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ombi la siku moja kabla husikilizwa kama ombi. La siku moja baada huanza na mazungumzo ya adhabu. Piga picha ya kila karatasi kwa simu, na hizo za safari iliyokwisha uzitunze kwenye bahasha moja na karte roze, kwa sababu swali kuhusu safari ya mwaka jana huulizwa mwaka huu.