Rugaruga Mezani: Somo Fupi Juu ya Mpiganaji Kwenye Gemu

Fungua kitabu cha kanuni cha gemu yoyote ya kuigiza wahusika, yaani zile ambazo watu wanakaa mezani na dadu na karatasi halafu kila mmoja anajifanya mtu fulani. Mpiganaji hakosekani. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, watunzi wake Gary Gygax na Dave Arneson waliweka aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. (Mchawi wa vitabuni, jamani, si yule mnayemuogopa likizo.) Mgawanyo huo umebaki uti wa mgongo wa gemu hizi, pamoja na za kwenye simu mnazochezea kipindi kikiwa kinaendelea.

Kazi ya mpiganaji ni rahisi kueleza. Anasimama mbele, anapigwa, haanguki. Kwa kanuni za mwaka 2014, anapopanda levo anarusha dadu ya pande 10 kuongeza pointi za uhai, wakati mchawi anarusha ya pande 6. Anaruhusiwa kuvaa deraya yoyote na kushika silaha yoyote. Kwa kawaida anachokosa ni uchawi. Ukiuliza sura hiyo imetoka wapi, jibu ni Ulaya: askari wa farasi, deraya la chuma, upanga na ngao.

Sasa mimi natoka Kasansa, Mpimbwe, huku Katavi. Deraya la chuma kwetu ni habari ya vitabuni. Lakini mpiganaji tulimjua, na alikuwa anaitwa rugaruga.

Rugaruga walikuwa vijana wa vita wa karne ya 19 katika nchi za Wanyamwezi, Wakimbu, Wakonongo na majirani zao, sisi Wapimbwe tukiwemo. Bwana wao aliyevuma kuliko wote ni Mirambo wa Urambo, aliyefariki Desemba 1884. Nyungu ya Mawe wa Ukimbu naye alikuwa na wake. Wengi hawakuwa na ukoo wa kuwashika: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara. Silaha yao ilikuwa gobori na mkuki, vazi lao nguo nyekundu na manyoya, mshahara wao nyara. Stanley, aliyechanjiana udugu na Mirambo mwaka 1876, aliandika kuwa Mirambo alipenda kupigana na vijana kuliko watu wazima, kwa sababu mwenye mke na watoto anawaza nyumbani.

Jaribu kumwingiza mtu huyu kwenye kanuni za mpiganaji uone zinavyopasuka.

Kwanza hasimami mbele. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga Mirambo, na Stanley alikuwa upande wao. Waliteka kijiji, wakabeba pembe na mali. Wakiwa njiani kurudi, wamelemewa na mizigo, watu wa Mirambo wakawaibukia kutoka kwenye majani marefu. Baada ya hapo sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Kwenye gemu ujuzi huo wa kuvizia amepewa mwizi, si mpiganaji. Rugaruga anataka vyote viwili.

Halafu kuna dawa. Hapa ndipo kanuni za Gygax zinaponishinda kabisa, na ndipo penye utamu. Gemu inadhani nguvu ya mkono na nguvu ya dawa ni fani mbili za watu wawili. Kwa rugaruga hakuna vita bila dawa ya vita. Hirizi aliyofunga mkononi ni silaha kama gobori ilivyo silaha. Ukimnyima uchawi kwa sababu kitabu kimesema mpiganaji hana, umebaki na Mzungu aliyevaa manyoya. Kanuni ninayoitumia mezani ni hii: dawa inampa pointi za uhai za ziada, lakini ina mwiko, na akiuvunja pointi zote za ziada zinaondoka palepale. Wachezaji wanauchukia mwiko huo. Vizuri.

Tena kuna kisa cha nyumbani. Mwaka 1879 tembo wanne wa kufugwa kutoka India waliteremshwa karibu na Dar es Salaam kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waonekane kama wataweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, ziwani. Juni 1880 kiongozi wa msafara ule, Carter, na mwenzake Cadenhead walikuwa wanarudi pwani wakapita Mpimbwe. Kijiji walichokuwemo kikavamiwa na watu wa Mirambo na wa mshirika wake Simba, wote wawili wakauawa. Kifo chao kiliharibu urafiki wa Mirambo na Waingereza wa Zanzibar.

Vitabu vinawataja Wazungu wawili na tembo. Kijiji kilikuwa cha Wapimbwe. Ndiyo maana mwenzangu mmoja kutoka huko huko kwetu aligoma mezani: utamfanyaje shujaa mtu aliyechoma maboma ya babu zetu? Dada mmoja wa Tabora akamjibu kwamba askari wa Ulaya naye alichoma vijiji vya wakulima, na hakuna anayegoma kumcheza. Nawaelewa wote wawili, ila namwelekea zaidi huyo mwenzangu. Askari wa Ulaya tunamcheza kwa raha kwa kuwa waliochomewa si bibi zetu.

Kwa hiyo nimebadilisha jambo la levo. Kwenye gemu za kawaida unaua, unapata pointi, unapanda, na aliyeuawa anafutwa. Kwangu kila nyara inaandikwa kwenye karatasi ya mhusika: imetoka kijiji gani, aliachwa nani. Msimulizi ana haki ya kumrudisha aliyeachwa katika kikao chochote. Na mtemi akifa, rugaruga anapoteza nusu ya faida zake na lazima atafute bwana mwingine. Hilo sikulitunga: Mirambo alipofariki dola yake ilisambaratika, na miaka ya baadaye rugaruga walionekana wakipigana upande wa Wajerumani, hata kwenye Majimaji.

Bado hatujakubaliana kama mchezaji anaruhusiwa kuanza akiwa mwanakijiji na kuishia rugaruga. Wengi walianza hivyo hivyo.