Mpita njia naye ana fungu katika suluhu

Ndugu Waislamu, ugomvi wa mume na mke unapozidi, Qur'an (4:35) inaelekeza wateuliwe waamuzi wawili: mmoja kutoka jamaa za mume, mwingine jamaa za mke. Je, mpita njia hana fungu? Analo, bila kuwaingilia.

Ndani ya daladala la Mbagala niliwaona wanandoa wamesimama wakirushiana maneno, mtoto wao akilia. Mzee aliyekaa akaomba kumpakata mtoto. Hakuuliza lolote. Mtoto akanyamaza, mama akashusha pumzi, baba akampokea mkewe kikapu.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa neno jema ni sadaka, na kumsaidia mtu mzigo wake ni sadaka. Basi tusiwahukumu tusiowajua. Tuwapunguzie mzigo, wapate nafasi ya kupatana.