SOMO LA BIASHARA: Madeni ya Dukani Yataingia Lini?

Ukitoka Kangundo Road ukaingia ndani ya Komarock, hutakosa kuona duka lenye karatasi ukutani inayosema mkopo ni kesho. Lakini chini ya kaunta liko daftari limejaa majina. Karatasi ni ya wageni, daftari ni la majirani. Sisi hatukuambii uache kukopesha. Jirani ukimnyima unga tarehe 20, hata tarehe 1 akiwa na pesa atapita mlango wako. Leo tunataka tu ujue, kabla mwezi haujaanza, ni pesa ngapi za madeni zitaingia na zitaingia wiki gani.

Wengi wetu hujumlisha daftari na kusema, "Niko na elfu themanini na sita huko nje." Kisha hupanga kodi na mali ya holseli kwa hesabu hiyo. Ikifika tarehe 15 rafu ziko tupu, na bado daftari linasema yeye ni tajiri.

Anza na daftari la zamani. Rudi nyuma miezi sita. Kila deni liwe na tarehe mbili, ya kukopa na ya kulipa. Kama umezoea kupiga mstari tu juu ya jina mtu akilipa, anza leo kuandika tarehe. Waliolipa kwa M-Pesa, ujumbe kwenye simu utakukumbusha. Sasa jiulize: kwa kila shilingi 100 nilizokopesha, ngapi zilirudi mwezi uliofuata? Ngapi mwezi wa pili? Wa tatu? Ngapi zilipotea kabisa?

Tuseme umepata hivi: 60 mwezi unaofuata, 25 mwezi wa pili, 10 mwezi wa tatu, na 5 hazirudi. Tuseme pia ulikopesha shilingi 40,000 Agosti, 50,000 Septemba na 60,000 Oktoba. Novemba utegemee nini?

Kutoka Oktoba: 36,000
Kutoka Septemba: 12,500
Kutoka Agosti: 4,000
Jumla: 52,500

Angalia vizuri. Mwisho wa Oktoba daftari lina 86,000, yaani 60,000 za Oktoba, 20,000 zilizobaki za Septemba na 6,000 za Agosti. Za kutegemea Novemba ni 52,500 tu. Na chochote utakachokopesha Novemba hakitakuletea hata ndururu mwezi huo.

Sasa weka matumizi kando yake. Kama unatarajia mauzo ya pesa taslimu 90,000, jumla ya kuingia ni 142,500. Mali 125,000, kodi ya duka 12,000, kijana wa duka 10,000, stima 2,500: hizo ni 149,500. Umepungukiwa na 7,000. Si vibaya kujua hayo tarehe 31 Oktoba, maana bado una nafasi ya kupunguza mali isiyotoka haraka, kumwomba mtu wa holseli wiki moja, au kukopesha kidogo. Kuyajua tarehe 20 Novemba ndiyo shida.

Wateja nao si sawa, kwa hivyo ni vizuri kuwagawa. Wa mshahara hulipa kati ya mwisho wa mwezi na tarehe 5. Mtu wa mjengo akilipwa Jumamosi, umwone Jumamosi hiyo hiyo, si Jumatatu. Mama wa kibanda anayechukua mafuta na unga wa chapati huuza kila siku. Huyo apunguze kila jioni, hata 200. Tena kuna jambo la siku hizi: tangu Fuliza ianze 2019, mtu aliyeitumia akiingiziwa pesa kwenye M-Pesa, deni la Fuliza hukatwa kwanza. Kwa hivyo "nimetumiwa pesa" si sawa na "niko na pesa".

Januari usitumie hesabu ya Oktoba. Watu wamerudi kutoka ushago, karo inangoja, na zile 60 zaweza kuwa 40. Tazama daftari la Januari iliyopita.

Kuhusu zile 5 zinazopotea: pakiti ya unga uliyonunua kwa 130 ukauza 140, ikipotea moja, itabidi uuze nyingine 13 ndipo faida irudishe 130 zako. Kila mkopaji awe na kiwango chake, na deni la zamani lilipwe kabla ya jipya kufunguliwa. Hata kwa shemeji!

Kwa deni kubwa, kwa mfano la mtu uliyempikia sherehe, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Lakini peleka maandishi yaliyo na sahihi. Kwa pakiti mbili za maziwa, ongea tu na jirani yako mapema.

ZOEZI: Tafuta miezi mitatu katika daftari lako. Andika ulichokopesha kila mwezi na kilichorudi, halafu kadiria makusanyo ya mwezi ujao. Mwezi ukiisha, andika kilichoingia hasa kando ya makadirio. Kama mmezidiana kwa zaidi ya elfu tano, tafuta ni mteja gani au ni kundi lipi lililokupotosha.