Somo la Familia: Herode Aliuliza Mtoto Yuko Wapi

Masomo: Mathayo 2:7-15 na 19-23, Nehemia 4:16-18

Mwezi huu tunaongea juu ya simu mikononi mwa watoto wetu, hapa Bugolobi na kule makambini kwa ndugu zetu wanaopata gazeti hili.

Kwanza fungueni Mathayo 2 msome pamoja. Tumezoea kuisoma sura hii wakati wa Noeli, kwa ajili ya nyota na zawadi. Leo isomeni kama watu waliokimbia. Herode hakuanza kwa upanga, alianza kwa maswali. Aliwaita mamajusi kwa siri, akataka kujua nyota ilionekana lini, akawaomba wamletee habari ya mahali mtoto alipo, eti na yeye apate kwenda kumsujudia. Maneno matamu kabisa! Mamajusi walipoonywa walirudi kwa njia nyingine, na habari ile haikumfikia. Yusufu akaondoka usiku. Hata baada ya Herode kufa, aliposikia Arkelao anatawala Uyahudi aliogopa kurudi huko, akaenda Galilaya. Kuficha mahali mtoto alipo hakukuwa upungufu wa imani.

Sasa sikieni. Binti mmoja wa familia zetu, mwenye miaka 13, aliweka mtandaoni picha yake akiwa na sare ya shule, amesimama mbele ya Village Mall. Kwa mtoto ni picha tu. Kwa anayeijua Kampala, picha hiyo inasema anasoma shule gani na anapita barabara ipi. Mtu akamwandikia kwa Kiswahili cha kwetu, akasema anamfahamu baba yake tangu nyumbani na anataka kuisaidia familia ipate safari ya nchi ya tatu. Baada ya siku chache akaomba namba ya faili ya familia. Mama alishtuka pale tu mtoto alipomwuliza, "Mama, namba yetu ya faili ni ngapi?" Huduma za UNHCR ni bure, na hakuna mfanyakazi wa kweli anayeshughulikia faili kwa kuongea na mtoto kwa siri. Mtoto wako ajue hivyo kabla hajaulizwa.

Wazazi wengine watasema dawa ni kunyang'anya simu. Mimi sikubali. Tangu 2020 shule za sekondari za Uganda zimeanza mtaala mpya, na mwanafunzi anatumwa kutafuta habari mwenyewe na kufanya kazi za mradi. Mtoto asiye na mahali pa kutafuta anabaki nyuma, na watoto wetu wamekwisha kubaki nyuma ya kutosha: shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote yakafunguliwa tena Januari 2022. Wajenzi wa Nehemia walishika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mkono wa pili. Hawakuacha ukuta kwa sababu ya adui.

Waliofika Kakuma au Nyarugusu huenda wameona madarasa ambayo wanafunzi wanatumia tableti za shule. Kinachonipendeza pale si mashine. Ni kwamba mwalimu yupo chumbani, anatembea katikati ya watoto, anaona kila skrini. Nyumbani tunafanya kinyume: mtoto anajifunika blanketi na simu yake, peke yake, saa nne za usiku. Kazi ya shule ifanyike sebuleni au mlangoni, mtu mzima akiwa karibu. Mtoto aandike maswali yake kwenye karatasi kabla bando halijanunuliwa, na fedha haitapotea. Kama wewe hujui Kiingereza, si kitu. Mwambie akueleze kwa Kiswahili anachosoma. Utajua upesi kama ni historia ya Buganda au ni jambo lingine.

Kuna hatari nyingine ambayo haitoki kwa wageni, inatoka kwetu wenyewe. Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, makundi yetu ya WhatsApp yalijaa video za maiti. Simu ya mama ndiyo simu ya watoto. Mtoto aliyezaliwa Goma aliona mtaa wao na watu wamelala barabarani, akakojoa kitandani wiki nzima. Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp mzuie video zisijipakue zenyewe. Hapo hapo, penye faragha, chagueni kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye makundi ni watu unaowajua tu.

Na kanisa letu lisijifanye halina kosa. Tumewahi kusambaza picha za watoto wa Sunday school, majina chini na kibao cha kanisa nyuma. Sheria ya Uganda ya 2019 ya ulinzi wa data na faragha inataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya habari za mtoto. Kuanzia sasa tutawauliza wazazi, na atakayesema hapana asionewe vibaya.

Kama jambo limekwisha kutokea, usimpige mtoto. Akipigwa leo, mara ya pili atanyamaza. Usifute ule ujumbe, utunze kama ushahidi, kisha mzuie huyo mtu asiandike tena. Piga 116, namba ya Sauti ya kusaidia watoto, ni bure. Mjulishe pia mwalimu au mzee wa kanisa unayemwamini.

Maswali ya kujadili nyumbani:

Herode alitumia maneno gani mazuri ili apate habari? Watoto wajibu kwanza.

Ni mambo gani ya familia yetu ambayo hatumwambii mtu kwa simu, hata akisema anatujua?

Wewe mzazi, ni picha gani ya mtoto iliyo kwenye simu yako sasa ambayo uliituma bila kufikiri, na nani anayo leo?