Utepe wa Kijani Kwenye Pakiti ya Dawa ya Nyanya

Mvua zikikolea Ilula mkoani Iringa, au Mwea kule Kirinyaga, mkulima wa nyanya halali usingizi. Baka jani likiingia leo, baada ya siku chache majani yameungua na mtaji umekwenda nayo. Kwa hiyo dawa hupigwa kila wiki, na mvua ikizidi hurudiwa kabla wiki haijaisha. Mojawapo ya dawa za ukungu zinazouzwa sana madukani ni ule unga wa manjano, au wa buluu kwa baadhi ya watengenezaji, ambao kwenye mstari wa kiambato hai umeandikwa Mancozeb. Hata dawa yenye jina jingine kubwa mbele ya pakiti huenda ina mankozebu ndani, ikiwa imechanganywa na kiambato cha pili. Soma maandishi madogo.

Mara nyingi chini ya pakiti hiyo kuna utepe wa kijani. Wengi wetu tumezoea kuusoma kama ruhusa: nyekundu ni sumu kali, njano na buluu ujihadhari, kijani haina neno. Rangi hizo zinafuata mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, na zinajibu swali moja tu: kiasi gani cha dawa, kikimezwa au kikipita kwenye ngozi, kitamdhuru mtu papo hapo. Hazisemi lolote kuhusu mtu anayepiga dawa hiyohiyo msimu baada ya msimu kwa miaka 10. Hatari ya mankozebu iko kwenye hiyo miaka, na kwa mjamzito iko kwenye wiki chache tu.

Ikiingia mwilini, mankozebu huvunjika na kutoa kemikali iitwayo ETU. Kemikali hii hukizuia kimeng'enya ambacho tezi dundumio, ile iliyo mbele ya shingo, hukitumia kutengeneza homoni zake kwa madini joto. Homoni hizo ndizo zinazosimamia joto la mwili, uzito, mapigo ya moyo, na pia ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Katika miezi ya mwanzo mtoto hajaanza kujitengenezea za kwake, anategemea za mama. Kwa hiyo anayenitia hofu kuliko wote ni dada anayepalilia au kuchuma nyanya kwenye majani yaliyopigwa dawa asubuhi, akiwa na mimba changa ambayo pengine hata hajaijua.

Si hofu ya kubuni. Huko Matina, Costa Rica, wajawazito wanaoishi karibu na mashamba ya ndizi yanayonyunyiziwa mankozebu kwa ndege walipopimwa mkojo, kiwango cha kati cha ETU kilikuwa zaidi ya mara tano ya kile kilichoripotiwa kwa watu wa kawaida kwingineko. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoidhinisha tena mankozebu, na uwezo wake wa kuvuruga homoni ulikuwa miongoni mwa sababu.

Sasa tuangalie inaingiaje. Tunaogopa pua, na tunajifunga kitambaa usoni ambacho hakizuii kitu, huku mlango mkuu ni ngozi. Tazama bomba la mgongoni la lita 16 lililozeeka: mpira wa kifuniko umelika, na kila hatua inadondosha maji kidogo. Yanashuka mgongoni, yanapita kiunoni, yanaishia kwenye nguo ya ndani. Ngozi ya pumbu hufyonza kemikali kwa kasi mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono, na nguo ile iliyolowa hushinda mwilini hadi jioni. Kabla hujanunua kifaa kingine chochote, badilisha mpira wa kifuniko. Jaza maji matupu, vaa bomba, tembea kidogo, kisha jipapase mgongoni. Likivuja, lisiingie shambani.

Kuchanganya ndiko kuna hatari zaidi, kwa sababu hapo unashika dawa kabla haijazimuliwa. Simama upepo ukiwa nyuma yako, vaa glavu za mpira mzito, koroga kwa mti na si kwa mkono. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi unapopima unga. Nozeli ikiziba, izibue kwa mswaki wa zamani, usiipulize kwa mdomo. Suruali ivaliwe nje ya buti. Ukimaliza, oga kwa sabuni kabla hujambeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, na aliyezivaa.

Usihifadhi pakiti iliyofunguliwa juu ya dari chini ya bati. Joto na unyevu huivunja mankozebu ikiwa bado ndani ya pakiti, hivyo msimu ujao utakuwa unapiga ETU tangu mwanzo. Nunua kinachotosha msimu mmoja. Kuziegemeza nyanya kwenye miti, kukata majani ya chini na kumwagilia kwenye shina badala ya juu ya majani hupunguza ukungu, na kwa hiyo hupunguza idadi ya mabomba.

Kama shamba si lako na wewe umeajiriwa, vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, bila kukukata ujira. Kwa Tanzania hilo limo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kwa Kenya katika sheria kama hiyo ya 2007. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakataza pia mjamzito au anayenyonyesha kupewa kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto.

Na zungumzeni. Mwaka 1977, kwenye kiwanda cha Lathrop, California, wanaume waliokuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, walianza kuambiana kwamba hawapati watoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Majaribio ya wanyama yaliyochapishwa mwaka 1961 yalikuwa yameonyesha madhara kwenye korodani, ila wafanyakazi hawakuambiwa.

Ukiona uchovu usioisha, unene unaokuja bila sababu, baridi wakati wenzako wanaona joto, hedhi iliyobadilika au uvimbe shingoni, nenda hospitali na uombe kipimo cha TSH, kinachoonyesha tezi dundumio inavyofanya kazi. Dalili hizi zina visababishi vingi, na daktari hatafikiria dawa ya nyanya usipomtajia. Weka daftari: tarehe, jina la dawa na kiambato chake, saa ulizofanya kazi, na nani alikuwa shambani. Mjamzito alipeleke kliniki hudhurio la kwanza kabisa. Mwajiriwa wa Tanzania anayedai fidia ya ugonjwa wa kazini kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) atalihitaji pia, kwa hiyo akae nalo nyumbani kwake, si kwenye stoo ya mwajiri.