ELIMU KWA UMMA: MTI HAUPONI JERAHA, HULIZIBA

Imezoeleka kudhaniwa kwamba jeraha la mti hupona kama jeraha la mwili. Kitaalamu sivyo. Mwili huota nyama mpya palipoumia, lakini mti hauwezi kufufua sehemu iliyokufa. Huitenga, kisha huifunika. Utaratibu huo ulielezwa kwa kina na mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, mwaka 1977.

Mfano mzuri ni msonobari, ambao mbao zake huletwa Visiwani kutoka Tanzania Bara. Gome lake likikatwa, ulimbo hutiririka na kuganda juu ya jeraha. Ndani, mbao zinazopakana na jeraha hujaa kemikali zinazozuia kuvu wa kuozesha. Kisha tabaka hai lililo chini ya gome hukua kutoka kingoni, mwaka hadi mwaka, hadi jeraha lifunikwe. Doa la zamani hubaki ndani daima.

Ulimbo huo ni silaha pia. Mbawakawa anapotoboa gome, ulimbo humzamisha au humsukuma nje, na mti huweza kutengeneza mifereji mipya ya ulimbo. Mti uliodhoofishwa na ukame hutoa ulimbo kidogo, na hapo wadudu hushinda.

Hata hivyo, si kila mdudu huzuiwa kwa njia hiyo. Vidukari wa misaipresi, walioonekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, hawatoboi mbao. Hufyonza utomvu wa matawi machanga, na mate yao huyakausha. Miti mingi ilikufa. Kuanzia mwaka 1994 nyigu wadogo, ambao hutaga mayai ndani ya vidukari hao, waliachiliwa nchini Malawi ili kuwapunguza.

Mvinje wa pwani, ingawa hufanana na msonobari, si wa jamii hiyo. Lakini kanuni ya kuziba jeraha ni ya miti mingi. Kwa hiyo watumishi na wananchi wanakumbushwa kutopigilia misumari ya matangazo mitini, kutowasha moto shinani na kutobandua gome ovyo. Tawi likatwe kwa msumeno mkali, nje kidogo ya uvimbe uliopo shinani mwake, wala lisipakwe rangi, kwani rangi haizuii kuoza.

Jeraha la dakika moja mti hulibeba maisha yake yote.