Somo kwa Wenye Magari: Kuijua Fyuzi Inayofaa



Msimu wa karafuu ukiisha, baadhi yetu wenye malori bara hufuata mahindi Songea. Safari ile si ya mchezo. Ukitoka Makambako ukapita Njombe, mbele yako ni vilima vya Lukumburu, ukungu na baridi, na pengine usiku umekwisha kuingia. Taa zikizimika hapo kwa fyuzi iliyokatika, yampasa dereva ajue atie ipi.

Fyuzi kazi yake hasa ni kuulinda waya. Ndani mna kipande chembamba cha madini, kimewekwa makusudi kiwe cha kwanza kuyeyuka umeme ukizidi. Ukitia ya 30 mahali pa 10, utakaoungua ni waya wenyewe nyuma ya dashibodi, na moto ukishika huko, lori na shehena huenda pamoja. Karatasi ya sigara na msumari ni hivyo hivyo, hata kama utingo ataapa kwamba vilimfikisha Mbinga.

Wazee wetu walizoea fyuzi za kigae cha kioo. Hizi za plastiki zenye miguu miwili bapa zilitolewa na kampuni ya Littelfuse ya Marekani mwaka 1976. Nambari ya juu ni ampea, na rangi huifuata: kaki ni 5, hudhurungi 7.5, nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, nyeupe ya kuonya ndani 25, kijani 30.

Lakini rangi pekee isikudanganye. Umbo liko la namna tatu hasa: dogo, upana wake kama milimita 11, la kawaida, 19, na kubwa, 29. Katika zile kubwa nyekundu ni 50, na buluu ni 60! Basi soma nambari. Tena yako madogo yenye miguu mifupi mno, yaliyojaa katika gari za Japani. Hayo hayabadilishwi na madogo ya miguu mirefu.

Wala usiazime kwa kukisia kutoka gari jingine. Gari dogo la volti 12 lenye taa mbili za wati 55 hula 110 kwa 12, yaani ampea 9 na zaidi. Lori la volti 24 lenye taa mbili za wati 70 hula 140 kwa 24, hazifiki 6. Taa za lori ni kubwa, na umeme upitao katika waya ni mchache! Tazama kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Maandishi ya Kijapani yasikutishe, nambari ni zile zile.

Ukikwama njiani bila akiba, ng'oa ya redio, maadamu umbo ni lile lile na nambari ni sawa au chini. Redio yaweza kungoja. Ikikatika tena papo hapo, usipandishe nambari. Tafuta waya uliochubuka ukagusa bodi.

Kabla ya kuvuka, nunua mbili mbili za kila nambari iliyomo garini, uzitie katika kikopo chenye kifuniko, kwani hewa ya chumvi ya kwetu huila ile miguu.

Katibu